Mtihani wa Amonia wa Mtu Mmoja

Mwanangu aliniambia Jumatatu asubuhi, tukiwa tunachambua mchele, kwamba amepata kazi kwenye meli mpya ambayo injini yake inachoma amonia. Alilitamka neno amonia kama mtu anavyosema chumvi. Mimi nimefundisha kemia miaka thelathini na ushei hapa hapa Tabora, na sinia likaniteleza mapajani, mchele wote chini.

"Amonia gani?" nikauliza, kana kwamba ziko aina saba.

"Hiyo hiyo uliyonifundisha, mama. Naitrojeni moja, hidrojeni tatu."

Nikanyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba mimi nikinyamaza ni hatari kuliko nikifoka. Watu husema nina hasira. Si kweli, nina msimamo tu, na wengi wanaosema nina hasira ni wale niliowafelisha.

Mwanangu huyu ni binti wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa chuo cha ubaharia Dar es Salaam, kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na yeye, na nyumba hii ya Gongoni yenye vyumba vingi kuliko watu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo, chini kabisa, kwenye chumba cha injini, meli zinazochoma yale mafuta meusi mazito yanayofanana na lami. Akija likizo anapenga kamasi jeusi siku tatu nzima. Hayo nilishayazoea. Sasa walikuwa wanampandisha cheo, awe msaidizi wa mkuu wa injini, lakini kwenye hiyo meli ya amonia. Mkataba ulikuwa kwenye simu yake, na alitakiwa kujibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

"Nisipopata radhi yako sisaini," akasema huku anaokota mchele. "Nimeshawaambia."

"Umewaambia watu wa ofisi unamsubiri mama yako?"

"Nimewaambia nasubiri ushauri wa mkemia."

Mjanja huyu! Anajua pa kunikuna. Lakini nilijua pia kwamba hatanii. Nikisema hapana, hatakwenda, atarudi kwenye mafuta meusi na hatanilaumu kwa mdomo hata siku moja. Na nikisema ndiyo, nitakuwa nimempeleka mwanangu wa pekee akakae chumba kimoja na kitu ninachokiogopa kuliko nyoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumweleza mwenzangu mmoja wa kwaya ya akina mama. Aliniuliza amonia ni nini, na mimi, kwa mazoea ya kufundisha, nikatafuta mfano ulio karibu. Nikamwambia ni ile harufu inayokupiga puani ukiingia choo cha stendi mchana wa jua kali. Nilipaswa kuishia kwenye mfano wa mbolea, maana nayo hutengenezwa kwa amonia. Kufika Jumanne jioni, Gongoni nzima ilikuwa na habari kwamba mtoto wa mwalimu anakwenda kuendesha meli ya mkojo.

"Mwalimu, hongera," mmoja akaniambia sokoni, uso mkavu kabisa. "Sasa hayo mafuta yake wanachangia abiria au kuna watu wameajiriwa?"

Mwingine, mwenye shamba la mahindi huko njia ya Isikizya, akaniuliza kama meli inakubali mbolea ya ruzuku, maana amebakiwa na nusu mfuko. Nikamwambia aipeleke shambani, mahindi yake yanatia aibu. Tukacheka. Lakini nilirudi nyumbani bila kununua nyanya nilizoziendea.

Jumatano asubuhi akaja mtani wangu. Huyu ni Mgogo, mzee anayenizidi umri, alikuwa fundi wa injini za reli mpaka alipostaafu, na nyumba zetu zimetenganishwa na uzio wa michongoma tu. Kwa asiyejua mambo yetu: Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu misafara ya zamani, wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani anakutukana ukicheka. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako na huruhusiwi kununa. Mtani wangu huyu amechukua kwangu kuku watatu, kiti kimoja na redio, na redio aliirudisha ikiwa imetengenezwa.

"Ninyi Wanyamwezi hamponi," akasema kabla hata ya kukaa. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo, nyayo zikawa bapa. Leo mnabeba makontena ya watu. Mzigo wenu wenyewe mtaubeba lini?"

"Na ninyi mlikalia visima mkidai hongo kwa kila kibuyu cha maji," nikamjibu. "Mpaka leo mmekaa tu, hamjanyanyuka."

"Na hongo yangu iko pale pale! Mtoto akipanda treni kwenda Dar lazima apite kwetu Dodoma. Hapiti bure."

"Bado hajasafiri. Sijatoa radhi."

Akanitazama, akaweka kikombe chini. Nikamweleza yote, na kwa kuwa nilikuwa na hasira, samahani, msimamo, nikamalizia kwa kumlaumu yeye. Na kweli ni yeye aliyemharibu mtoto. Binti yangu akiwa darasa la tatu alikuwa akipenya kwenye michongoma kwenda kumtazama huyu mzee akifungua mashine za kusaga na pampu za watu. Wenzake wakirudi na vidoli, yeye anarudi na grisi mpaka kwenye nywele.

"Kwa hiyo unaogopa," akasema mtani.

"Siogopi. Nataka kuhakikisha anajua anachokiendea."

"Mwalimu, unaogopa mpaka masikio yanatetemeka."

Sasa sikilizeni nilichokifanya. Mama mwingine angelia. Mwingine angemwita mchungaji, au angepiga simu kwa wajomba Urambo waje kukaa kikao. Mimi nilichukua karatasi ndefu za mistari, rula na kalamu, nikatunga mtihani. Juu nikaandika: Mtihani wa Amonia. Muda: Saa Mbili. Jibu Maswali Yote. Nikamwambia mwanangu kwamba akipata maswali yote matano nitampa radhi, na akikosa hata moja, basi, arudi kwenye meli yake ya zamani.

Akavuta kiti, akakaa. Mtu mzima, mhandisi, ana vyeti vya kujaza begi.

"Kuna maswali ya kuchagua?" akauliza.

"Hakuna. Ya kujieleza."

"Sawa, mwalimu."

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna wa kunifukuza kazi tena: niliutunga ule mtihani ili afeli. Swali la nne niliweka mtego, na la tano niliamini hakuna mtoto anayeweza kulijibu vizuri mbele ya mama yake.

Alhamisi saa tatu asubuhi tukaanza, kwenye meza ya kulia chakula. Mtani alijiteua msimamizi. Alikuja amevaa koti lake la reli lenye vifungo viwili vilivyobaki, akamnyang'anya mwanangu simu, akampekua mifuko, akamkagua mpaka viganja.

"Shikamoo babu," mwanangu akasema, anajizuia kucheka.

"Marahaba. Hakuna kuangalizia."

"Nitaangalizia kwa nani, babu? Niko peke yangu."

"Ndiyo maana nakuonya mapema. Andika!"

Kisha msimamizi akakaa kwenye kochi, na baada ya robo saa alikuwa anakoroma. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, naenda kuchungulia kila baada ya dakika tano. Mwanangu alikuwa anaandika ameinamisha kichwa, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, vile vile alivyokuwa akiandika darasani kwangu. Nilitamani afaulu na nilitamani afeli, vyote kwa pamoja, na sikuona aibu.

Alimaliza kabla ya muda, akaomba ruhusa ya kutoka kwa kunyoosha mkono, akaenda kufua. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakaa barazani kusahihisha. Mtani akanifuata na, kwa haki yake ya utani, akanipokonya karatasi akaanza kusoma kwa sauti.

Swali la kwanza lilikuwa: amonia ikiungua hutoa nini? Mwanangu alikuwa ameandika kwamba hutoa naitrojeni na maji, na kwa kuwa haina kaboni ndani yake, moshi wake hauna ile kaboni dayoksaidi inayoipasha dunia joto. Nikainua kalamu kuweka tiki. "Subiri," mtani akasema, "kuna nyongeza." Nyongeza ilisema: usiniwekee tiki haraka, mama. Isipoungua vizuri hutoa gesi nyingine za naitrojeni, na mojawapo ni mbaya kwa joto la dunia kuliko kaboni dayoksaidi yenyewe. Ndiyo maana bomba la moshi lina mtambo wa kusafisha, na kuuangalia huo mtambo ni kazi yangu.

"Anajua," mtani akasema.

"Nimemfundisha mimi," nikasema. Tiki.

La pili: je, ni haki kuiita amonia mafuta safi? Hapa nilitegemea atajisifia meli yake. Thubutu! Aliandika kwamba inategemea imetoka wapi. Nyingi inayotengenezwa leo inatokana na gesi ya ardhini, na moshi unamwagwa kiwandani badala ya baharini, sawa na mtu anayefagia kwake akamwagia taka jirani. Lakini hidrojeni ikipatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua au wa upepo, hapo ndipo inastahili jina. Alisema meli yake itaanza kwa kuchanganya zote mbili, na hatamdanganya mtu.

"Hiyo ya jirani amekusema wewe na majani yako ya michongoma," nikamwambia mtani.

"Weka tiki wewe, acha uchokozi."

La tatu lilimfurahisha yule mzee mpaka akapiga paja. Niliuliza kama amonia huwaka kwa urahisi. Jibu: haiwaki hovyo, ni nzito kushika moto, kwa hiyo injini huiwashia kwa dizeli kidogo kwanza. "Kuni mbichi!" mtani akapiga kelele. "Unazianzishia na mafuta ya taa! Huyu mtoto nimemfundisha mimi." Tukabishana nani kamfundisha nani mpaka michembe ikaanza kuungua jikoni.

Niliporudi tulikuwa tumefika kwenye mtego. Swali la nne: amonia ikivuja ndani ya meli, itaelekea wapi, na utafanya nini? Darasani, kwa miaka yote, nimefundisha kwamba amonia ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda. Ndiyo maana tunaikusanya kwenye chupa iliyopinduliwa. Nilijua ataandika hupanda, na nilijua kwamba kwenye meli si hivyo, maana nilikaa Jumatano alasiri nzima nikisoma kwenye simu. Pale inahifadhiwa ikiwa kimiminika cha baridi kali. Ikitoka hivyo hufanya ukungu mweupe unaotambaa sakafuni na kukufuata miguuni.

Mwanangu aliandika: itatambaa chini kwanza. Hili hukunifundisha, mama, nimelipata kwenye kozi. Nitabonyeza king'ora, nitawatoa watu kwa kukata upepo, yaani kwa ubavuni, wasikimbie kule upepo unakoupeleka ukungu, nitafungua mapazia ya maji, kwa sababu maji huinywa amonia kama alivyotuonyesha mwalimu wangu kwa ile chupa inayofyonza maji na kurusha chemchemi.

"Mwalimu wake ndiye wewe," mtani akasema polepole.

"Najua ni mimi."

"Mbona humpi tiki?"

"Mwandiko haueleweki."

"Mwandiko unaeleweka mpaka Dodoma! Mpe mtoto haki yake!"

Nikampa. Lilibaki swali moja, na mtani akaanza kulisoma kwa sauti, kisha sauti ikakatika. Akasoma kimya mpaka mwisho. Akanirudishia karatasi taratibu, akavua kofia.

Sikuisoma papo hapo. Kwanza niwaambie kwa nini niliuliza swali lile.

Zamani, mwezi wa kumi, joto lile la Tabora kabla ya mvua, nilikuwa maabara na wanafunzi wa kidato cha tatu. Chupa kubwa ya amonia kali ilikuwa imekaa juani dirishani, kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilipoifungua ikanitapikia. Ile si harufu jamani, ni kofi. Macho yanafumba yenyewe, koo linajifunga, unatafuta hewa huioni. Watoto wakapiga mayowe. Mimi nikakimbia. Nilikuwa wa kwanza kutoka mlangoni, mbele ya wanafunzi wangu, na nilikimbia mpaka katikati ya uwanja wa mpira. Kijana mmoja alibaki ndani, ameanguka kati ya meza. Fundi wa maabara ndiye aliyerudi na kitambaa kilicholowa maji usoni akamburuta nje. Alipelekwa hospitali ya Kitete, akapona, leo ana watoto wakubwa, na akinikuta mjini hunisalimia kwa heshima ambayo sikuistahili.

Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mkuu wa shule alisema nilifanya sawa kumwokoa mtoto aliye tumboni. Mume wangu alisema hivyo hivyo, na kanisani walishukuru kwa ajili yangu. Nami nikaitikia. Lakini ukweli ni kwamba sikuikumbuka ile mimba. Nilikimbia kwa sababu ya nafsi yangu tu, na mimba niliikumbuka nilipofika uwanjani, nilipoinama kukohoa nikaona tumbo. Sijawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo swali la tano lilisema: kuna mwenzako amenasa ndani na amonia inavuja. Nani anaingia? Nilitaka aandike kwamba anaita kikosi cha uokoaji, anasubiri amri, anampigia simu nahodha. Chochote kati ya hivyo ningemwambia ni kukwepa swali, nimkate alama, abaki.

Nikasoma. Mwandiko ulikuwa ule ule wa mviringo.

"Ninaingia mimi. Kwenye zamu yangu hiyo ndiyo kazi yangu: navaa vazi la kinga na mtungi wa hewa, naingia na mwenzangu mmoja, mwingine anabaki mlangoni ameshika kamba. Siingii bila mtungi, mama, mimi si mjinga. Lakini naingia. Nikisema aende mtu mwingine, huyo mwingine naye ana mama yake."

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimeshika kalamu na siwezi kuandika. Jibu lilikuwa sahihi. Nilitafuta kosa, Mungu ananiona, nilitafuta hata koma. Halikuwepo.

Nikamwita. Akaja anafuta mikono yenye povu kwenye kanga, akasimama mbele yangu. Mtani akanyanyuka aondoke, nikamwambia akae, maana nikiahirisha sitasema tena. Nikamweleza mwanangu habari ya maabara. Ya mimba alikuwa ameisikia tangu utotoni kama hadithi ya mama shujaa aliyemwokoa. Nikamwambia na lile la uwanjani, kwamba nilikimbia nikiwa nimemsahau kabisa, na kwamba ndiyo maana nilitunga maswali haya, ili asiende mahali ambapo mimi nilishindwa kusimama.

Alichuchumaa, akaweka mikono yake iliyolowa kwenye magoti yangu.

"Mama," akasema, "hata kama ulinisahau, ulinibeba ukatoka na mimi."

Nililia barazani mchana kweupe, mbele ya Mgogo, na Mgogo naye alikuwa anajifuta kwa kofia. Kisha nikaivuta ile karatasi, nikaweka tiki kwenye swali la tano, na chini yake, mahali pa maoni ya mwalimu, nikaandika: Nenda.